Wacheza tenisi wa Dar, nyuzi za poli mnafunga paundi ngapi? Kiwiko changu kinawaka

#1 KiwikoMoto
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 41, nacheza mara tatu kwa wiki: Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, Jumamosi asubuhi. Raketi yangu ni ya inchi za mraba 100, gramu 300, nyuzi 16 za wima kwa 19 za mlalo. Miaka yote nimefunga nailoni laini kwa mkazo wa paundi 55 na sijawahi kuumwa popote. Mwezi uliopita kijana mmoja ninayecheza naye akanishawishi nihamie poli, yaani nyuzi ngumu za poliesta, eti forihendi yangu (pigo la kiganja mbele) itazama ndani ya mstari kama imefungwa jiwe. Nikafunga poli ya milimita 1.25 kwa paundi zilezile 55.

Forihendi imezama kweli, hilo sikatai. Ila kufika wiki ya pili nikashindwa kuinua sufuria ya ugali. Kiwiko upande wa nje kinawaka, kikombe cha chai nashika kwa mkono wa kushoto.

Nimeuliza watu wanne nikapata majibu matano. Mmoja kasema 52, mwingine 48, mwingine "kilo 23", mwingine nishuke hadi 40 nisiogope, na huyohuyo kesho yake akasema 45. Fremu imeandikwa 50 hadi 59. Nishike lipi? Na hili joto letu linahusika au ni visingizio?

#2 Bwana_Slaisi
Uzi kuhusu uzi. Nimevuta kiti, waje mafundi.

#3 MzeeWaMbao
Vijana mnapenda kulalamika. Sisi tulicheza na raketi za mbao, tukifunga 60 na zaidi, na viwiko vyetu vipo hadi leo. Björn Borg, bingwa wa enzi zetu, alikuwa anafunga karibu 80. Tatizo si paundi, tatizo ni kuchelewa kwenye mpira na kupiga kwa mkono badala ya bega. Mchagua jembe si mkulima.

#4 Fizikia_ya_Jioni
Shikamoo Mzee. Borg ni kweli, lakini alifunga utumbo wa ng'ombe, si poli. Utumbo ndio uzi unaovutika kuliko wote mpaka leo, ukiufunga 80 bado una uhai. Na uso wa raketi ya mbao ulikuwa mdogo, inchi 65 au 70 za mraba. Uzi mfupi na uzi mrefu havilinganishwi kwa namba moja. Ukichukua poli, ambayo ni ngumu tangu kiwandani, ukaivuta hadi 80 kwenye uso wa inchi 100, utavunja fremu kabla hujavunja mkono.

Mtoa mada, kosa lako liko wazi: umehamisha namba ya nailoni ukaipeleka kwenye poli. Ukihama shusha angalau asilimia 10, yaani 55 yako ingekuwa 49 au 50. Na wale wa 52 na "kilo 23" wanakaribiana sana, kilo moja ni paundi 2.2, kwa hiyo kilo 23 ni kama 50.7. Majibu yako matano ni manne.

#5 MzeeWaMbao
Marahaba. Nimekubali la utumbo. La bega sijalitoa.

#6 FundiWaNyuzi
Nafunga raketi hapa mjini mwaka wa tisa huu, nitasema kinachonikera. Mnatajiana paundi kana kwamba ni kilo za sukari. Namba ile ni ya mashine, si ya raketi.

Ipo mashine ya kukunja kwa mkono. Inavuta mpaka namba uliyoweka halafu inajifunga. Ikishajifunga uzi unaendelea kulegea, hakuna anayeuvuta tena. Ipo ya umeme, inavuta bila kuachia: uzi ukilegea yenyewe inavuta tena mpaka ubane kibanio. Ipo ya uzito unaoning'inia, nayo inavuta muda wote kama ile ya umeme, mradi mkono wa chuma ukae mlalo sawasawa. Ukimpa 50 mwenye ya mkono na 50 mwenye ya umeme, ya umeme itatoka ngumu zaidi. Nimeona tofauti ya paundi tatu mpaka tano.

Halafu kuna vibanio. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula chuma. Kibanio kikishika kutu au kikijaa nta ya nyuzi kinateleza, kila uzi unapoteza kidogo, na mteja haoni. Kwa hiyo swali la kwanza si "ngapi", ni "nani kafunga, kwa mashine gani". Ukishapata fundi mmoja baki naye, ndipo namba zitaanza kuwa na maana.

#7 KiwikoMoto
Fundi asante sana. Ya kwangu ilifungwa kwa umeme. Nailoni zote za nyuma zilifungwa na mzee mmoja mwenye mashine ya mkono. Kwa hiyo 55 yangu ya sasa si 55 yangu ya zamani?

#8 FundiWaNyuzi
Ndiyo hivyo. Ulipanda mara mbili bila kujua, uzi mgumu na mashine ngumu.

#9 Mama_Seti
Mimi nilipita njia hiyohiyo. Nilianza poli 52, kiwiko kikaja juu, nikashuka 48, kikatulia kidogo, nikashuka 44. Maumivu yakaisha kabisa. Ila wiki mbili za kwanza mipira yangu ilikuwa inatua kwenye mtaro nyuma ya uwanja, mwokota mipira akawa ananiita "Mama wa Mtaroni".

Nilichogundua ni kwamba siyo nguvu iliyoongezeka sana. Mpira unatoka juu zaidi. Kwa mkono uleule uliozoea 52, ukifunga 44 mpira unapaa kama nusu mita juu ya pale ulipozoea, na ukipaa unatoka nje. Dawa ilikuwa kufunga uso wa raketi kidogo na kupiga kwa kasi zaidi kwenda juu, spini (mzunguko wa mpira) iurudishe chini. Ukijizuia na kupiga kwa woga ndipo unaharibu zaidi, mpira hauzunguki na hauna cha kuushusha.

Sasa niko 46, sihami.

#10 NetiNiYangu
Dada, mimi nimecheza na wewe. Mtaro ule ulianza kabla ya 44.

#11 Mama_Seti
Na wewe neti ni yako kweli, maana mipira yote unaipeleka huko.

#12 Chalii_wa_Arusha
Nilihamia Dar miaka minne iliyopita. Kule Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka tu. Poli nilikuwa nafunga 54 na nilikuwa sawa. Nimeshuka huku na raketi ileile, uzi uleule, nikawa nacheza na ubao. Mpira hauendi! Hewa nzito, unyevu, mipira inavimba manyoya kwa jasho. Nikashuka hadi 49 ndipo nikaanza kupumua.

ITF wenyewe, shirikisho la tenisi la dunia, wana mipira maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219, kwa hiyo si hadithi. Ukisoma ushauri wa mtu wa Nairobi usiubebe mzimamzima ukaja nao Masaki.

#13 Bwana_Slaisi
Sasa hapo pananichanganya. Joto linalegeza nyuzi na linafanya mpira uruke zaidi, au siyo? Sasa Dar ya joto si tungefunga juu kuliko Arusha?

#14 Chalii_wa_Arusha
Mimi nasema nilichokiona. Mengine muulize Fizikia.

#15 Fizikia_ya_Jioni
Vyote viwili vinavuta, kila kimoja upande wake. Joto linaupa mpira mdundo na kulegeza poli, hewa nzito ya usawa wa bahari inaukamata ukiwa angani. Kipi kinashinda inategemea unacheza saa nane mchana Januari au saa moja usiku Julai. Mimi nina raketi mbili, ya mchana iko paundi mbili juu.

Unyevu kwa poli hausumbui sana, poli hainywi maji. Utumbo ndio unaoharibika kwa unyevu, na nailoni kidogo.

La muhimu zaidi kwa Dar: msiache raketi kwenye buti la gari. Gari likishinda juani Posta kuanzia asubuhi hadi saa kumi, poli uliyofunga 50 huijui tena.

#16 Mtoto_wa_Upanga
Kuna hadithi watu hawaisemi. Rafael Nadal wa Hispania ndiye aliyeleta poli, na yeye alifunga 55 miaka yote. Kama 55 ingekuwa mbaya asingeshinda Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, mara 14. Mimi nafunga 55 kama yeye, na nyuzi nyeusi zilezile.

#17 Fizikia_ya_Jioni
Mara 14 na 55 ni sawa, kuleta poli hapana. Aliyeifanya dunia igeuke ni Gustavo Kuerten wa Brazil, 1997. Alikuwa nambari 66 duniani, akachukua Roland Garros na nyuzi za poli za Luxilon kutoka Ubelgiji. Nadal wakati huo ana miaka 11.

Na Nadal alipofunga 55 alicheza nayo saa ngapi? Wale wanaingia na raketi kadhaa mpya kila mechi, ikiletwa mipira mipya na wao wanabadili raketi. Wewe ile nyeusi yako umeifunga lini?

#18 Mtoto_wa_Upanga
Kabla ya Ramadhani.

#19 Bwana_Slaisi
Ramadhani ya mwaka gani 😂

#20 Mtoto_wa_Upanga
Haijakatika bado, kwa nini niibadili?

#21 FundiWaNyuzi
Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Nailoni inakuaga: inachanika nyuzinyuzi, unaona inakuja kukatika. Poli haikatiki, inakufa ikiwa imesimama. Siku ya kwanza tu, kabla hujapiga mpira, inaweza kupoteza asilimia 10 ya mkazo. Baada ya hapo kila saa uwanjani inashuka. Mimi nawaambia wateja saa 15, mkibana sana 20, halafu chukua mkasi. Wananiambia napigia debe biashara yangu.

Angalia nyuzi za wima zinapokutana na za mlalo. Ukiona mfereji umechimbika, na ukisukuma uzi kwa kidole haurudi mahali pake, hiyo raketi ni marehemu.

#22 NetiNiYangu
Fundi nina swali la kijinga. Kama poli inashuka mkazo kila siku, basi baada ya mwezi 55 ya mtoa mada si imeshakuwa 45? Na Mama Seti anasema 44 hadi 46 ndiyo tiba. Basi angengoja tu kiwiko kipone bure.

#23 Bwana_Slaisi
Kumbe una akili, unajificha kwenye neti.

#24 FundiWaNyuzi
Swali si la kijinga. Jibu langu: iliyokufa imelegea lakini haina uhai, haivutiki ikarudi. Mtetemo wote unaingia mkononi.

#25 Fizikia_ya_Jioni
Fundi nakuheshimu, hapo sikubaliani. Wapimaji waliozipima poli kuukuu maabara wanakuta bado zinarudisha nguvu ya mpira vizuri tu. Kinachokufa ni utelezi. Spini ya poli inatokana na nyuzi za wima kuteleza pembeni mpira unapogusa, halafu kurudi kwa kasi mpira ukiwa bado hapo. Mfereji ukichimbika nyuzi zinanasa, hazirudi. Spini inapungua, mpira unatoka nje, wewe unaanza kukaza mkono na kukata mwendo. Mkono uliokazwa ndio unaoumia. Kwa hiyo kiwiko kinaumwa kwa sababu yako, si kwa sababu ya mtetemo.

Kuteleza huko si mchezo. Mwaka 1977 kulikuwa na raketi ya tambi, nyuzi zake zilifungwa zisisukane, zikawa zinateleza hovyo. Ilie Năstase wa Romania aliitumia kumfunga Guillermo Vilas wa Argentina fainali kule Aix-en-Provence, na Vilas akatoka uwanjani kwa hasira kabla mechi haijaisha. ITF wakaipiga marufuku. Poli imeturudishia kipande cha uchawi ule kihalali.

#26 MzeeWaMbao
Kwa hiyo tumerudi kwenye bega na mkono uliokazwa. Nilisema #3.

#27 MtuWaViungo
Nisaidie upande wangu, mimi ni mtaalamu wa viungo. Mnabishana paundi mtu ana kano iliyochoka, ule mshipa unaoshika msuli kwenye mfupa. Pale nje ya kiwiko ndipo inaposhikilia misuli ya kuinua kiganja. Ukiibebesha mzigo mpya ghafla inalalamika. Mtoa mada alibadili uzi, mashine, na nahisi hata bidii ya forihendi, yote ndani ya mwezi mmoja. Akishusha hadi 46 bila kupumzisha mkono atakuja hapa kusema 46 haifai.

Punguza kucheza wiki mbili tatu. Chukua uzito mdogo, hata chupa ya maji ya lita moja, laza mkono mezani kiganja kikiangalia chini, ushushe taratibu, usaidie kuupandisha kwa mkono mwingine. Ukiendelea kuuma, nenda ukaonwe ana kwa ana.

Kwangu mwenyewe nimefunga utumbo wima na poli mlalo. Roger Federer, bingwa wa Uswisi, alicheza hivyo miaka mingi.

#28 Mtoto_wa_Upanga
Utumbo bei yake unaijua? Hiyo ni ada ya muhula.

#29 Chalii_wa_Arusha
Weka nailoni laini wima, poli mlalo. Spini inapungua kidogo, mkono unashukuru, mfuko pia.

#30 FundiWaNyuzi
Na mkichanganya, uzi mmoja wa mita 12 mnaugawa nusu, mita 6 na 6, unapata raketi mbili. Msinunue pakiti mbili mkatupa nusu.

#31 Bwana_Slaisi
Nimesoma yote. Mimi naamini hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuhisi paundi mbili. Mnahisi namba mliyoambiwa.

#32 Fizikia_ya_Jioni
Unachekesha, lakini hilo lilijaribiwa. Rod Cross wa Chuo Kikuu cha Sydney na mwenzake waliwapa raketi wachezaji 41 wazoefu, mkazo tofauti, bila kuwaambia. Walioweza kutambua tofauti ya paundi 11 au pungufu walikuwa 11 tu.

#33 Mama_Seti
Hao hawajapiga na raketi yangu. Mimi paundi mbili nazijua.

#34 MzeeWaMbao
Mimi nazijua kwa sauti tu, nikigonga kiganjani.

#35 Bwana_Slaisi
Basi Jumamosi. Fundi atafunga tatu zinazofanana, siri anakaa nayo. Anayekosea ananunua madafu.

#36 FundiWaNyuzi
Nyuzi nani analipa?

#37 Bwana_Slaisi
Tutajichanga.

#38 KiwikoMoto
Wakuu naleta ripoti ya Jumamosi kabla hawajaanza kuipotosha.

Raketi tatu za aina moja, uzi mmoja, mashine moja, zote zimefungwa Ijumaa jioni: 46, 50 na 54. Fundi alifunika namba kwenye kitako cha mpini kwa tepe. Waliojaribiwa ni sita, kila mtu mipira 20 kwa kila raketi. Mimi nilipiga kumi kumi, tena polepole.

Mama Seti alipatia zote tatu, heshima yake. Fizikia alipatia zote pia. Chalii alichanganya 50 na 54. Slaisi alisema zote sawa, akagoma kuandika. Neti Ni Yangu alikosa zote. Na Mzee wetu aliigonga 46 kiganjani, akasikiliza, akafumba macho, akasema: "Hii ni 60 kasoro, hii ndiyo raketi." Tepe ilipotolewa alikaa kimya mpaka madafu yalipofika.

#39 MzeeWaMbao
Mipira ilikuwa mizee.

#40 NetiNiYangu
Na ile ya 50 ilikuwa na gripu nene. Mkono unadanganywa na gripu.

#41 Mtoto_wa_Upanga
Wawili kati ya sita, hiyo ni bahati au ni kuhisi? Mimi sikuja, ila nasema ni bahati.

#42 Mama_Seti
Bahati haijui kwamba ya 46 inapaa. Mimi sikuangalia mkono, nilikuwa naangalia mpira unatua wapi. Kina Neti wanasikiliza kiganja.

#43 Fizikia_ya_Jioni
Hata mimi nilifanya hivyohivyo. Kama ni kwa kuhisi tu, ningekosa.

#44 KiwikoMoto
Wiki ya tatu sasa. Nimefunga nailoni wima 50, poli mlalo 47, kwa Fundi. Mkono nimeupumzisha siku 16 na chupa ya maji nimeinua kila jioni. Juzi nimecheza saa nzima na sufuria ya ugali nimegeuza mwenyewe.

#45 FundiWaNyuzi
Mnaona? Mkazo.

#46 MtuWaViungo
Siku 16 za mapumziko hukuzisoma?

#47 Chalii_wa_Arusha
Ni kuchanganya nyuzi, nilisema #29.

#48 MzeeWaMbao
Nilimwona juzi. Anapiga kwa bega sasa.

#49 Mtoto_wa_Upanga
Adrian Mannarino wa Ufaransa anafunga chini ya 30 na ameshinda mechi za ATP, zile za wanaume wa kulipwa. Wiki ijayo na mimi najaribu 35. Fundi nitakuja na ile nyeusi.

#50 FundiWaNyuzi
Ile ya kabla ya Ramadhani? Njoo nayo nikaiage.

#51 Kipepeo_wa_Kinondoni
Samahani wakuu, nimeingia nimechelewa. Mimi nacheza badiminton, nyuzi nimeambiwa 24. Hiyo ni ndogo sana au ni sawa? Na kiwiko nacho kinauma.

#52 Bwana_Slaisi
Fungua uzi wako.